Zafarani, chuma na swali la Kıranköy

Semista iliyopita, kwenye kozi ya mbinu za kufundisha Historia, tulipewa kazi ambayo wengi tuliidharau. Kila mtu aokote kikaratasi chenye jina la mji, kisha aufundishe mji huo kwa dakika 20, wenzake wakijifanya Kidato cha Pili. Waliokuwa na bahati wakaokota Kilwa na Timbuktu. Mimi nikaokota Safranbolu. Nikaomba kubadilisha, mhadhiri akacheka tu, akaenda kwa anayefuata.

Safranbolu uko kaskazini ya Uturuki, bara kidogo kutoka Bahari Nyeusi, katikati ya mabonde. Nilijiandaa vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa na picha nzuri za nyumba, nikasimulia misafara, nikasimulia zafarani, darasa likawa kimya la kusikiliza. Mwishoni nikaonyesha picha ya msikiti mkubwa wa mawe ulioko mtaa wa Kıranköy, nikasema kwamba zamani lilikuwa kanisa. Basi, nikafunga kompyuta. Dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, waliokuwa wanasali humo walienda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema "tutaliona kipindi kijacho", ile kauli ambayo sote tumeambiwa na walimu wetu na sote tunajua maana yake. Makala hii ndiyo kipindi kijacho.

Nianze na kilichouweka mji mahali pake. Kuanzia karne ya 13, Safranbolu ulikuwa kituo cha misafara kwenye njia kuu ya biashara ya mashariki na magharibi. Msikiti wa kale, hamamu ya kale na madrasa ya Süleyman Pasha vilijengwa mwaka 1322. Karne ya 17 ndiyo ilikuwa neema yenyewe. Mwaka 1645 ikajengwa Cinci Han, nyumba ya wageni ya mawe, ghorofa mbili, vyumba zaidi ya 60 vikizunguka ua mmoja. Msafiri anaingia na wanyama wake na mzigo wake, lango linafungwa usiku, analala bila hofu. Aliyeijenga ni mzaliwa wa hapohapo, Hüseyin Efendi, maarufu kama Cinci Hoca, yaani mwalimu wa majini. Alipata cheo kwa kumsomea Sultani Ibrahim dua za kumtuliza, akatajirika sana, na mwaka 1648 Sultani alipoangushwa naye akauawa. Darasani kipande hiki ndicho kilichopendwa kuliko vyote, na nakubali kwamba nilikikalia muda mrefu mno.

Mfanyabiashara akilala mjini anahitaji mengi. Farasi anataka kwato na matandiko, mtu anataka viatu, chakula, hamamu. Ndiyo maana soko la Safranbolu liligawanyika kwa kazi: wahunzi mtaa wao, mafundi matandiko mtaa wao, watengeneza ngozi chini kabisa kando ya kijito, kwa sababu ngozi inataka maji mengi na harufu yake hakuna anayeitaka jirani. Ngozi ikipanda juu inafika arasta, safu ya vijiduka vya mbao zaidi ya 40 karibu na msikiti wa Köprülü Mehmed Pasha, ambako mafundi walishona yemeni, viatu vyepesi vya ngozi. Kwa desturi ya Waosmani, arasta ilijengwa ili kodi ya maduka iutunze msikiti. Wenyewe huita vakıf, na wewe unayesoma hapa unaita wakfu. Maneno ya namna hii ni mengi, maana sisi na wao tulichota kisima kimoja cha Kiarabu: duka ni dükkân, saa ni saat, sabuni ni sabun, hesabu ni hesap. Neno lao la Jumapili ni pazar, na pazar huohuo ni soko. Mwalimu wa Kiswahili akikosa mada ya kuwaamsha wanafunzi saa nane mchana, mada hiyo hapo.

Na jina la mji? Nusu ya kwanza ni zafarani. Ile tunayoitia kwenye pilau na biriani siku ya sherehe, kwa kuihesabu nyuzi maana bei yake haina utani. Ua la zafarani linachanua msimu wa vuli, Oktoba hadi Novemba, na kila ua lina nyuzi nyekundu tatu tu. Linachumwa alfajiri kabla jua halijalifungua, nyuzi zinatolewa kwa vidole, moja moja. Kilo moja iliyokauka inataka maua kama 150,000. Kilimo hiki kilikaribia kufa kabisa karne ya 20, kikabaki kwenye mashamba machache ya vijiji vya jirani.

Nyumba za pale zinastahili kipindi kizima. Chini ni ukuta wa mawe, karibu hauna dirisha, ndiko wanyama, kuni na akiba. Juu ni fremu ya mbao iliyojazwa matofali ya udongo na kupakwa chokaa, ghorofa zikichomoza juu ya njia, madirisha membamba yamepangwa safu. Kila chumba ni kama nyumba kamili. Mchana watu wanakaa kwenye baraza za mbao kuzunguka kuta, usiku matandiko yanatolewa kabatini, na ndani ya kabati hilohilo kuna kijisehemu cha kuogea. Upande wa wanaume na wa wanawake ulitenganishwa, na katikati palikuwa na kabati la kuzunguka: mwanamke anaweka chakula upande wake, analizungusha, mgeni anakipokea bila kumwona. Kiangazi kikifika familia zilihamia Bağlar, mtaa wa juu wenye mizabibu na upepo, baridi ikirudi zinashuka Çukur, bondeni sokoni. Mtu wa Safranbolu alikuwa na nyumba mbili ndani ya mji mmoja.

Sasa Kıranköy. Ni mtaa wa tatu, na kwa macho tu unajua ni wa watu wengine. Nyumba ni za mawe badala ya mbao, duka liko chini na mwenye duka anaishi juu, kama miji ya Ulaya ya wakati ule. Hao walikuwa Wakristo Waorthodoksi, Wagiriki kama walivyoitwa, mafundi na wafanyabiashara. Kanisa lao lilikuwa la Mtakatifu Stefano.

Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, Uswisi, Uturuki na Ugiriki zilitia saini mkataba wa kubadilishana raia. Kipimo hakikuwa lugha wala mahali mtu alipozaliwa. Kilikuwa dini. Waorthodoksi wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waje Uturuki, isipokuwa sehemu chache kama Istanbul. Ukijumlisha na waliokwisha kimbia wakati wa vita, Waorthodoksi kama milioni 1.2 waliondoka, na Waislamu karibu 400,000 wakaja. Wengi wa Waorthodoksi wa bara walikuwa wanazungumza Kituruki nyumbani. Hebu fikiria, unahamishiwa "kwenu" na hujui hata kuomba maji kwa lugha ya huko. Kıranköy ikabaki na majengo. Kanisa baadaye likawa msikiti, ule wa kwenye picha yangu.

Kwa hiyo, dada wa nyuma, walienda Ugiriki, na hawakuulizwa kama wanataka.

Soko nalo likapata pigo lake. Reli ilikuwa imeanza kuua misafara. Kisha tarehe 3 Aprili 1937 likawekwa jiwe la msingi la kiwanda cha chuma Karabük, kama kilomita 10 kutoka hapo, mahali palipokuwa na nyumba chache na stesheni. Uzalishaji ulianza 1939. Kijana aliyekuwa amekaa miaka ya uanagenzi akijifunza kushona kiatu akapata mshahara wa kila mwezi. Ungekuwa wewe ungebaki arastani? Mimi nisingebaki. Karabük ikawa jiji, na mwaka 1995 ikawa mkoa, na Safranbolu yenye misikiti ya karne ya 14 ikawa wilaya yake.

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Kiwanda kilichonyang'anya mji mafundi ndicho pia kilichozinusuru nyumba, kwa sababu maghorofa ya saruji na pesa mpya vilienda zaidi Karabük, na Çukur ikaachwa ilivyo. Miaka ya 1970 wasanifu majengo na viongozi wa mji wakaanza kuzilinda rasmi, na mwaka 1994 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Leo Cinci Han ni hoteli. Arasta inauza kahawa na zawadi za watalii, na mshonaji wa yemeni wa kweli ni wa kutafuta.

Wapo wenzangu waliosema nimeharibu mada nzuri, kwamba Kidato cha Pili hawahitaji habari za watu kufukuzwa, tuwape zafarani na majini ya Sultani wafurahi. Ninawaelewa, maana mimi mwenyewe ndivyo nilivyofundisha mara ya kwanza, na nilipigiwa makofi. Lakini swali lilitoka kwa aliyejifanya mwanafunzi, na halikuwa limeandikwa popote kwenye andalio langu la somo.

Mhadhiri alinipa nafasi ya kurudia. Safari hii nilianza na picha ya kanisa, bila maelezo, nikawauliza wao wanaona nini. Dakika 20 zikaisha kabla sijafika kwa Cinci Hoca, na wakaanza kulalamika.