SOMO: KUWEKA MFUMO HURIA KATIKA KOMPYUTA YA CHAMA

Kompyuta ya chama ni mali ya wanachama wote, na hesabu zilizomo ndani yake ni amana. Yampasa katibu auelewe mfumo unaoiendesha kama anavyoielewa leja.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo kilichopo Gombani, chenye kompyuta moja ya zamani isiyoweza kupokea Windows 11. Chama hicho chaweza kununua mashine mpya kwa fedha za wanachama, au kuweka mfumo huria katika mashine ileile.

Mfumo huria ni nini?

Ni mfumo ambao leseni yake humruhusu kila mtu kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Debian, mfumo kamili unaotumia Linux, ulianza mwaka 1993, nao hutunzwa na watu wanaojitolea. Hapa Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Hatua za kufuata

Kwanza, daftari la wanachama na hesabu zote zinakiliwe katika flashi mbili, zihifadhiwe mahali tofauti. Kila nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine na kuhakikiwa. Kuweka mfumo mpya huweza kufuta diski nzima, na kisichonakiliwa hupotea.

Pili, mfumo ujaribiwe kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Hapo itaonekana kama picha, sauti, printa na mtandao vinafanya kazi. Pia iulizwe: je, programu ya hesabu ya chama inakubali mfumo huu? Ikiwa haikubali, kazi isiendelee.

Tatu, ichaguliwe sura ya kioo iliyo nyepesi, kama Xfce. Sura nzito huichosha mashine ndogo.

Nne, mtandao uunganishwe kwa waya wakati wa kuweka mfumo. Kama hakuna waya, simu ya mkononi iliyounganishwa kwa kebo ya USB hutosha. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, programu nyingi za kuendeshea vifaa vya mtandao usio na waya zimo ndani ya nakala ya kuwekea.

Tano, katibu atumie akaunti ya kawaida. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na kuhifadhiwa na mwenyekiti. Mtu mmoja asiwe na ufunguo wa kila mlango.

Tahadhari

Leseni ni ya bure, lakini kazi ina gharama: fundi, umeme, vifurushi vya intaneti na mafunzo. Kamati iidhinishe gharama hizo kwa muhtasari kabla ya kuanza.

Maswali ya kujadili

1. Nakala za hesabu za chama chenu zimewekwa wapi, na nani alizihakiki mara ya mwisho?
2. Katibu akiondoka leo, nani ataweza kuifungua kompyuta ya chama?