Damu Huonyesha Tulichokula

Somo letu la leo linahusu ini, damu na gunia la mahindi. Katika mikutano yetu tunaulizwa mara nyingi: "Kama sote tulikula mahindi ya ukungu, mbona mmoja akafa na mwingine akapona?" Jibu lilipatikana huku huku kwetu Ukambani.

Mwaka 1981 wagonjwa 20 wa ini walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos, na 12 wakafa. Mwaka 2004 janga lilirudi kwa nguvu Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 wakafariki. Chanzo kilikuwa aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka.

Sumu hii inafanyaje kazi? Ini ndilo hushughulikia sumu zinazoingia mwilini. Linapoivunja aflatoksini, hutokea kitu kikali kinachoharibu chembe za ini, kama kutu inavyokula bati. Ini lina akiba ya kinga. Sumu ikiwa kidogo, akiba inatosha. Ikizidi, akiba inakwisha, ini linaanza kufa, na macho yanageuka manjano.

Sehemu ya sumu hunasa kwenye protini ya damu iitwayo albumini na kukaa hapo wiki kadhaa. Ndiyo maana damu hutunza kumbukumbu ya chakula chetu. Mwaka 2004 wataalamu walilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua. Damu ya wagonjwa ilikuwa na alama hiyo nyingi zaidi. Tena, kati ya wagonjwa, alama ilivyozidi, ndivyo mtu alivyokufa upesi baada ya macho kuwa manjano. Virusi vya homa ya ini aina ya B pia vilionekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wasiougua. Basi si uchawi! Ni kiasi cha sumu, na hali ya ini lenyewe.

Lakini kipimo hicho hakipatikani zahanati ya kijijini. Na hata kingekuwepo, hakitoi sumu mwilini. Kwa hiyo kinga ianzie gunia, si maabara. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba jamaa nyingi za wagonjwa ziliweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Tufanye hivi:

1. Tuanike mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.
2. Tupime ukavu. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, bado ni mabichi.
3. Tuweke magunia juu ya mbao, ghalani penye hewa.
4. Wengi wetu Kinanie tunanunua kwa gorogoro. Tukiona ukungu, tusinunue, hata bei ikiwa rahisi. Kupika hakuui sumu hii. Kukoboa muthokoi huipunguza tu.
5. Watoto wamalize chanjo zote, pamoja na ya homa ya ini.
6. Macho yakiwa manjano, hospitali siku hiyo hiyo. Jamaa nzima iache kula mahindi yale.

Maswali ya kujadili kikundini:

Mahindi yetu yamelala wapi usiku huu? Jirani akikosa turubai, tutamsaidiaje? Na yale yaliyooza, je, tunawapa kuku na ng'ombe, halafu tunakunywa maziwa?