Chupa Mbili za Mama Mkwe

Wiki hii nimepokea ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Tabata. Naufupisha, na ya chumbani nayaacha huko huko chumbani.

"Dada, shikamoo. Nina mtoto wa miaka mitatu, homa zinampanda na kushuka. Mama mkwe amekuja na chupa mbili ndogo alizouziwa baada ya ibada. Unachanganya matone ya hii na ya ile, yanageuka manjano, unaongeza maji, unakunywa. Ameambiwa zinatibu malaria, sukari, kansa, hata Ukimwi. Yeye mwenyewe amekunywa, akatapika na kuharisha siku mbili, anasema sasa mwili ni mwepesi kwa sababu sumu imetoka. Anataka kumpa mjukuu. Mume wangu amenyamaza. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto asipewe, hata tone. Mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria leo hii, usingoje kesho, halafu urudi tuongee. Nakusubiri.

Umerudi? Haya, vuta kigoda.

Nilikuuliza kwenye simu hiyo rangi ya manjano inanukaje, ukanijibu: kama bwawa la kuogelea la hoteli. Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi. Chupa ya kwanza ina sodiamu kloraiti. Hiyo ni chumvi, lakini si ya mezani. Ya mezani ni kloridi, nayo blichi ya kufulia ni hipokloraiti. Majina yanafanana kama watoto wa baba mmoja, ila tabia kila mmoja na yake. Chupa ya pili ni asidi nyepesi, mara nyingi ile ile iliyomo kwenye ndimu. Zikikutana, kloraiti inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya manjano iitwayo klorini daioksaidi. Hayo manjano unayoyaona ndiyo gesi yenyewe, imeyeyuka kwenye maji. Chupa zinauzwa mbili kwa sababu gesi hii haifungiki ikasafirishwa kama soda. Ikizidi asilimia 10 hivi hewani inaweza kulipuka, kwa hiyo hata viwandani huitengeneza pale pale wanapoitumia.

Na mimi nina aibu yangu. Miaka ile nimepanga chumba na choo cha ndani kwa mara ya kwanza, nilitaka vigae vyangu ving'ae kabla wifi hajafika. Nikamwaga blichi sakafuni. Nikaona haitoshi, nikaongeza dawa ya kusugulia choo, ile kali ya asidi. Dirisha lenyewe ukubwa wa daftari. Sikumaliza hata kusugua kona moja. Kifua kikabana kama nimefungwa kanga ya mtu mwembamba, machozi yakanitoka, nikatoka nje nikitambaa na brashi mkononi. Wifi alinikuta kibarazani nakohoa, vigae vina baka moja jeupe na vingine vyote vile vile. Gesi niliyoitengeneza mimi ilikuwa klorini, ndiyo waliyopuliziana askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ya mama mkwe ni binamu yake. Kanuni ya jikoni na bafuni ni moja: hivi vitu vya jamii ya klorini havikutanishwi na asidi, iwe siki, ndimu au dawa ya choo, na mtu asiyejua anachokitengeneza.

Lakini tusiitukane klorini daioksaidi, maana ina kazi zake na inazifanya vizuri. Mwaka 1944 mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, ulianza kuitumia kwenye maji ya bomba, kwa sababu maji yao yalikuwa na mabaki ya viwanda ambayo yakikutana na klorini ya kawaida yalileta ladha mbaya. Viwanda vya karatasi vinang'arishia nayo majimaji ya mbao. Mwaka 2001, barua zenye unga wa kimeta zilipotumwa kwa maseneta wa Marekani, jengo la ofisi zao lilifungwa, sehemu yake ikafukizwa gesi hii. Watu walitolewa kwanza, mdogo wangu. Gesi inaua kijidudu kwa kumnyang'anya elektroni, yaani kumbabua, na haimuulizi anayebabuliwa ni kidudu au ni ukuta wa utumbo wa mtoto wako.

Sasa nani aliitoa kwenye bomba akaitia kwenye glasi? Anaitwa Jim Humble, Mmarekani. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1996 alikuwa Guyana akitafuta dhahabu, wenzake wakashikwa na malaria msituni, akawapa matone ya kutibia maji wakapona. Mwaka 2006 akatoa kitabu, dawa akaipa jina la "muujiza" na herufi tatu, MMS. Miaka mingi baadaye mzee huyo huyo akaandika kwamba MMS haitibu kitu chochote. Kauli hiyo haikufika kwa waliomuuzia mama mkwe wako, au ilifika wakaikalia.

Kule Florida, Mark Grenon na wanawe watatu waliendesha kitu wakakiita kanisa, Genesis II, wakawa wanauza chupa hizi hizi kwa njia ya "sadaka". Mark mwenyewe alikiri kwamba kanisa lile halikuwa la dini hasa. Lilikuwa ngao ya kuwaepusha na sheria. Waliingiza zaidi ya dola milioni moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imeonya tangu mwaka 2010, ikarudia mwaka 2019 kwa lugha nyepesi: kunywa kitu hiki ni sawa na kunywa blichi. Ilipokuja korona akina Grenon wakasema inatibu na hiyo. Mwaka 2023 mahakama ya Miami ikawatia hatiani, wana wawili wakapata miaka zaidi ya 12 jela, baba na mwana mwingine miaka mitano mitano.

Usiseme mambo ya Wazungu hayo. Mwaka 2013 ilisambaa video kutoka wilaya ya Luuka, hapo Uganda, ikidai wagonjwa 154 wa malaria wametibiwa kwa matone haya, na jina la Msalaba Mwekundu likachomekwa ndani. Shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu likajitenga na madai hayo. Mwaka 2019 gazeti la Guardian la Uingereza likafichua mchungaji wa New Jersey aliyekuwa akisambaza maji haya kupitia wachungaji wa vijijini Uganda, na waliojituma zaidi wakiahidiwa simu janja. Basi mama mkwe wako si mjinga. Amefikiwa kwa mlango ule ule waliofikiwa wengine, mlango wa mtu anayemwamini. Na sisi tulioshika foleni ya kikombe cha tiba kule Samunge mwaka 2011 na shilingi 500 mkononi tusimcheke.

Nirudi kwenye lile lililoniuma kwenye ujumbe wako: "sumu imetoka." Hapa ndipo mtego ulipo. Dawa ya kweli ikikutapisha, daktari anajua ni madhara na atakuandikia nyingine. Huyu muuzaji amegeuza madhara kuwa ushahidi. Ukitapika, inafanya kazi. Usipotapika, ongeza tone. Ukizimia, ugonjwa ulikuwa mkubwa. Hakuna jibu ambalo mwili unaweza kutoa likahesabika kuwa hapana. Mama alitapika kwa sababu tumbo limeunguzwa na limekataa, kama macho yangu yalivyoikataa ile gesi ya bafuni. Ule wepesi anaousikia ni wa mtu aliyepoteza maji na hajala siku mbili. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuponyoka. Kwa mtoto wa kilo 13 mwenye homa, kutapika na kuharisha siku mbili kunatosha kumkausha mpaka presha ikashuka na kumpoteza.

Na lipo jambo la kwetu hasa ambalo wauzaji hawalisemi. Kloraiti ikiingia kwenye damu inaharibu ile sehemu nyekundu inayobeba oksijeni. Damu inageuka rangi ya chokoleti, mtu anapumua lakini hewa haimfikii. Kwa ngozi zetu usitafute ubluu usoni; funua mdomo utazame ndani, tazama ufizi na kucha. Halafu kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao ni wengi zaidi katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, pamoja na yetu, hasa kwa watoto wa kiume. Anaweza kuwa mzima kabisa, anacheza mpira, hajui kama anao. Kitu cha kubabua kama hiki kikimwingia, chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi, mkojo unakuwa kama koka. Kwa hiyo dawa inayosifiwa kwa malaria ina hatari zaidi kwa watu wa maeneo ya malaria.

Utaniambia, mama mkwe amesema hata maji ya bomba yana dawa. Kweli, mwambie hesabu basi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha kloraiti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.7 kwa lita. Chupa ya kloraiti huandikwa asilimia 28. Tone moja tu hubeba miligramu 10 au zaidi. Ungelitia kwenye ndoo ya lita 10, bado lingezidi kiwango. Na huyu anataka kulitia kwenye kikombe cha mtoto.

Kwa maji ya nyumbani endelea na uliyozoea: chemsha, au tumia dawa ya kutibia maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, funika ndoo, subiri nusu saa. Zile dawa zimetengenezwa kuua vijidudu ndani ya ndoo, zikimaliza kazi unakunywa maji. Hakuna aliyekuambia unywe dawa yenyewe.

Sasa tuje kwa mama, maana najua hiki ndicho unachokiogopa. Usimvamie mbele ya watu, na usimtumie mumeo kama mjumbe wa vita. Shemeji amenyamaza kwa sababu yule ni mama yake; mpe nafasi ya kuwa mtoto. Chagua saa mnachambua mchele au mnamenya ndizi, mikono ina kazi, macho hayatazamani. Anza na afya yake: "Mama, ulitapika siku mbili, figo zako je? Twende tukapime." Mama anayependwa anasikia, mama anayehukumiwa anatetea. Ukimwambia ametapeliwa, atatetea pesa yake na mchungaji wake kwa pamoja, na hapo hamtamaliza. Na kama anatumia dawa za presha, sukari au za kufubaza virusi, muulize kwa upole kama ameziacha. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko matone yenyewe. Wengi huambiwa waache za hospitali "ili hii ifanye kazi."

Ikitokea mtu amekunywa na anaumwa, usimtapishe, maana kitu kilichounguza kikishuka kitaunguza kikipanda. Suuza kinywa, kimbia hospitali, beba na chupa zote mbili daktari azione. Na muuzaji aripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu. Hilo mwachie shemeji, atakuwa amepata kazi ya kufanya.

Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapa ndipo ukanipigia. Kipimo cha mtoto kimesoma malaria, amepewa dawa mseto, dozi ya pili amekunywa na uji na haijarudi. Malizeni siku zote tatu, hata akianza kukimbia uani kesho asubuhi. Mama naye amekubali kupimwa Jumatatu, kwa sharti kwamba muende na bajaji si daladala. Mpe bajaji.

Ila umeniambia umekasirika, unataka kuzimwaga chupa zote chooni usiku huu. Mdogo wangu, hapana! Zikikutana humo shimoni zitafanya kile kile zinachofanya kwenye glasi, na choo chenu hakina dirisha. Zifunge vifuniko, moja iweke huku nyingine kule, juu mtoto asipofika, mbali na jiko. Jumatatu zibebe kwenye mifuko miwili tofauti, mkamwachie mfamasia wa hospitali. Na mama akiuliza kama chupa tupu inaweza kutiwa mafuta ya nazi, kwa sababu najua atauliza, mwambie Dada amesema atamnunulia nyingine.