Kufundisha Usomaji wa Lebo: Somo la Maziwa ya Ng'ombe wa Malishoni

Utangulizi

Mafunzo ya kusoma shuleni aghalabu huishia katika kitabu. Lakini maandishi ambayo mwanafunzi ataendelea kuyasoma hata baada ya kuiacha shule ni yale ya dukani: ya pakiti, chupa na makopo. Maandishi hayo ni mafupi, huandikwa na mtu anayetaka kuuza, na husomwa na mtu mwenye haraka. Yanahitaji ujuzi wake wa kusoma, na ujuzi huo hauji wenyewe.

Makala haya yanapendekeza somo la vipindi viwili, kila kimoja dakika 40, kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili. Mfano wetu ni lebo za maziwa ya ng'ombe wa malishoni, zilizoenea Ulaya na Marekani. Mfano huu unafaa kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanamjua ng'ombe kuliko wanavyoijua lebo. Wataweza kulipima neno geni kwa kitu wanachokifahamu.

Maarifa yampasayo mwalimu

Mahali ambapo kila ng'ombe huchungwa, hakuna anayeandika juu ya kibuyu kwamba ng'ombe huyu alikula majani. Lebo huzaliwa pale jambo la kawaida linapokuwa adimu. Katika nchi nyingi za Ulaya, na huko Marekani, ng'ombe wengi wa maziwa hukaa bandani sehemu kubwa ya mwaka au mwaka mzima, wakilishwa saileji, yaani majani yaliyovundikwa, pamoja na nafaka na mashudu. Ndipo neno "malishoni" likapata bei.

Neno hilo, hata hivyo, halina maana moja. Huko Uholanzi, lebo ya "weidemelk" hudai ng'ombe awe malishoni angalau siku 120 kwa mwaka, angalau saa 6 kwa siku. Haimkatazi mfugaji kumpa chakula kingine. Austria wana "Heumilch", yaani maziwa ya majani makavu, jina lililosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2016: saileji imepigwa marufuku, na angalau asilimia 75 ya chakula cha mwaka, kikipimwa bila maji yake, lazima iwe malisho ya majani. Huko Marekani, kanuni ya mwaka 2010 ya mazao ya kilimo hai hudai siku zisizopungua 120 za malisho, na asilimia 30 ya chakula cha majira hayo itoke malishoni. Kwa upande wa nyama, Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitoa mwaka 2007 kipimo cha ng'ombe wa majani, kisha ikakiondoa Januari 2016.

Mwalimu aone kwamba hapa pana vipimo viwili tofauti: cha kwanza ni saa anazokaa ng'ombe nje, cha pili ni kile anachokula. Mlaji huvichanganya. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha mara nyingi kwamba mnunuzi akiona neno "malishoni", huongeza mwenyewe mengine: kwamba ng'ombe huyo ana maisha mema, kwamba maziwa yake yana afya zaidi, na kwamba mfugaji wake ni mdogo na mwaminifu. Picha ya kondeni iliyochapwa kwenye pakiti humsaidia kuongeza. Aidha, watu wengi husema wakiulizwa kwamba wako tayari kulipa zaidi, lakini wakifika dukani huchukua pakiti ya bei nafuu.

Si kwamba imani hizo hazina msingi wowote. Majani mabichi huongeza katika maziwa mafuta ya aina ya omega-3, na huyapa rangi ya manjano inayoonekana wazi katika siagi. Lakini kiasi cha omega-3 katika glasi moja ya maziwa ni kidogo, hata kikiongezeka maradufu. Jambo laweza kuwa kweli na bado likawa dogo. Somo hili lamtaka mwanafunzi ajifunze kuyashika yote mawili kwa pamoja.

Hatua za somo

Zana ni ubao, karatasi, na pakiti tupu za maziwa ambazo wanafunzi wataombwa kuzileta kutoka nyumbani. Asiyekuwa na pakiti asiadhibiwe, ubao unatosha.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aandike ubaoni maneno matatu tu: "Maziwa ya Malishoni". Kila mwanafunzi achore ng'ombe aliyetoa maziwa hayo, mahali alipo na anayemtunza. Baadaye aulizwe: katika mchoro wako, kipi kimesemwa na lebo, na kipi umekitia mwenyewe? Mwalimu asiharakishe swali hili. Ndilo moyo wa somo.

Hatua ya pili. Wanafunzi wapige hesabu ya kipimo cha Uholanzi. Siku 120 mara saa 6 ni saa 720. Mwaka una saa 8,760. Basi sharti la chini kabisa ni kama asilimia 8 ya saa za mwaka. Mwalimu akumbushe kwamba majira ya baridi ya Ulaya hayana malisho, na ng'ombe hachungwi usiku na mchana, ili hesabu isigeuke hukumu. Kisha aeleze kesi ya Ujerumani: mwaka 2017 mahakama huko Nürnberg iliamua kwamba kuuza "Weidemilch" kwa kipimo hichohicho hakumpotoshi mlaji. Darasa lijadili: je, ninyi mngeamuaje?

Hatua ya tatu. Mwalimu alete ng'ombe wawili wa kwetu. Wa kwanza yuko zizini katika miteremko ya Kilimanjaro. Haendi machungani, bali hukatiwa majani na kuletewa migomba, na mara nyingi ni akina mama wanaobeba mzigo huo kichwani. Wa pili huchungwa kutwa katika mbuga, na kiangazi hukonda pamoja na nyasi. Yupi anastahili lebo ya "maziwa ya majani"? Yupi ya "malishoni"? Wanafunzi watagundua kwamba wa kwanza hula majani bila kuchungwa, na kwamba jina moja haliwatoshi wote wawili. Watagundua pia kwamba hakuna lebo inayomtaja mama aliyebeba majani.

Hatua ya nne. Kila kikundi kiandike lebo ya ng'ombe mmoja kwa maneno yasiyozidi 20, yenye kuvutia na kweli tupu. Vikundi vibadilishane lebo na kuulizana maswali.

Hatari ya kuepuka

Kuna kosa ambalo mwalimu mgeni wa somo hili hulifanya kwa urahisi, nalo ni kuwaacha wanafunzi waondoke wakisema, "Lebo zote ni uongo." Hapo somo limeshindwa. Anayeamini kila kitu na asiyeamini chochote wamefanana: wote wawili hawasomi. Tena, asiyeamini chochote humwadhibu mfugaji mwaminifu sawa na mdanganyifu, na kumwondolea sababu ya kuendelea kuwa mwaminifu.

Tathmini

Mwanafunzi apewe lebo asiyoijua, kama ya mafuta ya kula au sabuni, agawe karatasi sehemu tatu: lebo inasema nini; haisemi nini; nami nimedhani nini. Atakayejaza sehemu ya tatu kwa unyofu amelielewa somo, hata kama sentensi zake si nzuri.

Hitimisho

Fedha ya maziwa katika nyumba nyingi ni ndogo na ina kazi nyingi. Mtoto anayetumwa dukani huitumia kwa kusoma, au kwa kutosoma. Shule ikimfundisha kutenganisha neno lililoandikwa na tamaa yake mwenyewe, imemlinda mzazi wake, na imemtendea haki mfugaji.