SOMO LA AFYA: MKONO UKITETEMEKA MASHINENI

Ndugu mfanyakazi, mkono wa mwenzako ukitetemeka, usikimbilie kusema ni pombe. Huenda anatumia dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, kama amitriptilini au fluoksetini. Dawa hizo hugusa kemikali zinazopeleka habari katika mishipa ya fahamu, na kwa baadhi ya watu misuli hutetemeka au kushtuka yenyewe, hasa dawa inapoongezwa. Asiiache ghafula; amweleze daktari, aweza kumpunguzia au kumbadilishia. Kwa sasa apewe kazi mbali na misumeno.

Hatari kubwa ni kuichanganya na tramadoli, ambayo wengine humeza kwa maumivu ya mgongo. Misuli ikishtukashtuka, homa ikapanda na akachanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa ile ile.