Kuni Kavu, Chumba Salama: Mwongozo wa Miezi ya Mvua na Baridi Bondo

Bondo, magharibi mwa Kenya, hakuanguki theluji, lakini baridi ipo. Mvua za masika zikianza Machi, nguo hazikauki, sakafu ya udongo hulowa, na kuni zilizoachwa nje hukataa kuwaka. Kuanzia Juni hadi Agosti, joto la alfajiri hapa kando ya Ziwa Victoria hushuka hadi karibu nyuzi 17. Kijana hujifunika akalala. Mzee, mgonjwa na mtoto mchanga huumia. Ndipo watu huingiza moto chumbani, na hapo ndipo hatari huanza. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupata joto kwa kuni chache, bila kuvuta moshi na bila kulala na moto.

Kuni zikatwe lini?

Kata Novemba au mapema Desemba, ili zipate jua la kiangazi la Desemba hadi Februari. Mti uliokatwa leo una maji mengi, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake. Ukiuchoma hivyo, moto hutumia nguvu yake kuchemsha maji yaliyo ndani ya gogo kabla ya kuchemsha sufuria yako. Pasua kuni mara tu baada ya kukata, maana gogo zima hukauka polepole sana. Vipande vyembamba, unene wa kifundo cha mkono, huweza kukauka kwa miezi miwili au mitatu ya jua. Vinene vipe miezi sita.

Nitajuaje kwamba zimekauka?

Tazama ncha za kipande: zikiwa na nyufa, ni dalili njema. Magome huachia yenyewe, na kipande huwa chepesi mkononi. Kisha gonganisha vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa mlio mzito uliofifia. Ukiona povu au maji yakitoka kwenye ncha kuni ikiwa motoni, irudishe juani.

Nizihifadhi wapi?

Tengeneza uchanja, yaani jukwaa dogo la miti, ulioinuliwa juu ya mawe kiasi cha futi moja kutoka ardhini. Hapa kwetu adui si mvua peke yake. Mchwa hula rundo la kuni kabla hujalitumia. Funika juu kwa bati kuukuu, lakini acha pande wazi upepo upite. Usizibe pande zote kwa karatasi ya plastiki, kwa sababu unyevu utanaswa ndani. Uchanja usiegemee ukuta wa nyumba, maana nyoka hupenda kujificha kwenye rundo.

Kuni ngapi zitatosha?

Usikisie. Tenga rundo moja, pikia hilo tu kwa wiki nzima, kisha uhesabu mizigo uliyotumia. Masika, Machi hadi Mei, ni wiki 13. Ukitumia mizigo mitatu kwa wiki, unahitaji 39. Ongeza michache kwa ajili ya wageni na matanga.

Zipi nisichome?

Usichome nguzo au mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, mbao zenye rangi, plastiki wala mpira. Moshi wake una sumu, na majivu yake hayafai kwa mboga. Acha pia mnyaa, ambao kwa Kijaluo ni ojuok: una utomvu mweupe unaodhuru macho. Ukiukata uani, jikinge macho na unawe mikono vizuri.

Jiko gani linafaa?

Mafiga matatu yana faida moja: hayagharimu kitu. Hasara yake ni kwamba joto jingi hutoroka pembeni bila kuigusa sufuria. Jiko kisasa, lililoanza kusambazwa vijijini Kenya miaka ya 1980 na serikali pamoja na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, ni mtungi wa udongo uliochomwa, unaojengewa ukingo wa mawe na udongo. Upande wa Kisumu, akina mama wafinyanzi wa Keyo walijulikana kwa kuutengeneza. Ulizia kwa wauza vyungu siku ya soko, na ukague kama mtungi una ufa kabla ya kulipa.

Kulijenga si kazi ngumu. Sawazisha sakafu mahali pasipopigwa na upepo wa mlango, mbali na ukuta wa makuti au nyasi. Weka mtungi, uzungushie mawe, kisha kandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, unene wa kiganja. Acha ukauke wiki mbili hadi tatu. Ziba nyufa, kisha uanze na moto mdogo.

Je, linalipa? Piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme fungu la kuni la shilingi 100 linakutosha siku mbili. Kwa mwezi ni shilingi 1,500. Jiko likipunguza kuni kwa theluthi moja, kila mwezi unabaki na shilingi 500. Gawanya bei ya mtungi na ya fundi kwa kiasi hicho, nawe utajua gharama itarudi baada ya miezi mingapi.

Moshi nao?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Tumia kuni kavu, tia vipande vichache kwa wakati mmoja, na ufunike sufuria. Fungua dirisha mkabala na mlango ili upepo upite, na uache nafasi ya moshi kutokea juu, chini ya paa. Mtoto asibebwe mgongoni mama akiinama juu ya moto.

Chumba cha kulala kipashwe joto vipi?

Usiingize jiko la makaa wala beseni la kaa la moto, hata likiwa halitoi moshi. Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni: haina rangi wala harufu, na huzuia damu kubeba hewa safi. Mtu huweza kufa usingizini bila kushtuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hasa zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Ukiziona, watoe wote nje, fungua milango, na uwapeleke hospitali upesi. Mweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani.

Badala yake, ota moto jikoni jioni, kula chakula cha moto, kisha ukalale. Tandika mkeka au magunia makavu chini ya godoro, kwa kuwa baridi nyingi hupanda kutoka sakafuni. Kandika nyufa za ukuta kabla ya mvua. Mzee apewe soksi, kofia na blanketi la pili. Mtoto mchanga alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Njia hii hutumika hata hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Wapo wanaowasha moto ili kufukuza mbu. Moshi si kinga ya malaria. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanywa Asembo, jirani zetu, mwishoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo hupunguza vifo vya watoto wadogo. Lala ndani ya chandarua, na moto ubaki jikoni.

Mtu akiungua?

Mwagia maji safi ya baridi, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa akiwa mtoto au akiwa ameungua usoni au mikononi.

Kuni za miaka ijayo zitatoka wapi?

Panda miti ya sesbania katikati ya mahindi au kwenye shamba linalopumzika: hurutubisha udongo, na huweza kutoa kuni baada ya mwaka mmoja au miwili. Mpakani panda mti uitwao siala kwa Kijaluo, ambao huchipua tena ukikatwa. Mikalitusi iweke mbali na chemchemi na mazao, kwa sababu hunywa maji mengi. Kwa mbegu na ushauri, kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kipo Maseno. Kabla ya kuokota kuni katika msitu wa serikali, uliza ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, kuhusu kibali na ada yake.

Anza na yale yasiyogharimu kitu: wiki hii pima kuni unazotumia, pasua magogo yaliyo uani, na uinue rundo lako kutoka ardhini. Na usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, hakikisha hakuna jiko chumbani.