Damu ya Mgonjwa Itunzwe Kabla ya Kutafuta Nyingine



Hospitali inapoishiwa damu, swali la kwanza tunaloulizana ni nani atachangia. Ni swali jema, na uchangiaji lazima uendelee. Lakini lipo swali linalotangulia: je, damu aliyo nayo mgonjwa mwenyewe tumeitunza? Utaratibu wa kujibu swali hilo huitwa usimamizi wa damu ya mgonjwa. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliutaja katika azimio lake kuhusu damu salama, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizihimiza nchi zote kuuanzisha haraka. Una nguzo tatu.

1. Kutibu upungufu wa damu mapema
Mama mjamzito au mgonjwa anayengojea upasuaji hupimwa wingi wa damu wiki nyingi kabla. Akikutwa na upungufu, chanzo hutafutwa: lishe duni, malaria, minyoo au hedhi nzito. Vidonge vya madini ya chuma huhitaji muda. Vikianza usiku wa kujifungua vimechelewa.

2. Kuzuia damu isipotee
Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na akina mama zaidi ya 200,000. Mama aliyejifungua aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikifika kiwango cha hatari, mkunga alitoa huduma zote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu iitwayo asidi ya traneksamiki, dripu, na uchunguzi wa chanzo. Kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo, vikijumlishwa, vilikuwa pungufu kwa asilimia 60 kuliko katika hospitali zilizoendelea na huduma ya kawaida.

3. Kuongeza damu pale tu inapohitajika
Nchini Uganda na Malawi, utafiti wa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari. Walioongezewa damu papo hapo na walioangaliwa kwanza kwa karibu hawakutofautiana kwa vifo baada ya siku 28. Hii si ruhusa ya kuchelewa: mtoto aliye chini ya 4, au mwenye dalili za hatari, apewe damu mara moja.

Katika hospitali kubwa nne za Australia Magharibi zilizofuata nguzo hizi, kati ya 2008 na 2014 matumizi ya damu kwa kila mgonjwa aliyelazwa yalipungua kwa asilimia 41, na vifo hospitalini vilipungua pia.

Jokofu la damu linahitajika, na hupendeza kwenye picha. Kipimo cha himoglobini, vidonge na mafunzo ya wakunga havina picha nzuri, lakini ndivyo vinavyopunguza idadi ya wanaokimbizwa kutafutiwa damu usiku. Bajeti zetu zivikumbuke.

Maswali ya kujadili
- Wajawazito wetu huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi? Nini huwachelewesha?
- Je, zahanati iliyo karibu ina kipimo cha wingi wa damu kinachofanya kazi? Vidonge vya madini ya chuma hupatikana mwaka mzima?
- Nani katika kamati atafuatilia majibu hayo kabla ya kikao kijacho?